Vitabu vya Maarifa na Somo la Kufikiri: Toka Bagamoyo hadi Kiyovu

Katika idara zetu za Kiswahili, neno 'ubunifu' likitajwa darasani mwanafunzi hufikiria mambo matatu: riwaya, ushairi na tamthilia. Ratiba zenyewe zimemfundisha hivyo. Vitabu vinavyoeleza mambo yaliyotokea kweli, yaani habari za maisha, safari, desturi, historia na kazi za watu, tumeviweka kando na kuviita 'vitabu vya marejeo'. Mtu hukifungua kitabu cha namna hiyo akitafuta tarehe, akiipata hukifunga. Katika makala haya tunakusudia kuviangalia baadhi ya vitabu hivyo kwa mfuatano wa historia, na kuuliza vinatufundisha nini kuhusu kufikiri, kufanya kazi na kubuni.

Kwetu hapa Rwanda suala hili si la anasa. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Lugha rasmi haiishii kwenye nyimbo na hadithi. Inatakiwa ieleze kodi, mpaka wa shamba, dawa na dozi yake, na namna ya kuunganisha bomba la maji. Mhitimu aliyelishwa riwaya peke yake huweza kuusifu mwezi kwa kurasa mbili, lakini mwambie aeleze jinsi ya kufungua akaunti ya benki, atakwama katika aya ya pili.

Kwanza tuseme neno kuhusu jina. Wengi wamezoea kusema 'vitabu visivyo vya kubuni'. Jina hili linakitambulisha kitu kwa kile ambacho sicho, kama kumwita mbuzi 'asiye kondoo'. Tena linatia ndani yake uamuzi ambao hatukubaliani nao, kwamba anayeandika ya kweli habuni chochote. Sisi tutatumia 'vitabu vya maarifa', hadi wenzetu wa istilahi watakapotupa jina bora zaidi.

Tuanzie nyumbani. Mtaa wa Kiyovu uko kwenye ubavu wa kilima cha Nyarugenge, kilima ambacho Mjerumani Richard Kandt alikichagua mwaka 1907 kiwe makao ya utawala, na mji wa Kigali ukaanza. Kandt alikuwa daktari. Kabla ya kuwa mtawala alikuwa mtafutaji wa chanzo cha mto Nile, na mwaka 1898 alifuata matawi ya mto hadi kwenye mto Rukarara, upande wa msitu wa Nyungwe. Safari hiyo aliiandikia kitabu, Caput Nili, kilichotoka mwaka 1904. Kwa mwanafunzi wa kufikiri, jambo la kutazama katika kazi yake ni swali lenyewe. Mito miwili ikikutana, ipi ni mto na ipi ni tawi? Lazima uchague kipimo, useme kwa nini umekichagua, kisha ukifuate hata kikikupeleka kwenye matope. Hiyo ndiyo kazi ya akili, na haina tofauti kubwa na kazi ya mwanaisimu anayeamua lipi ni neno na ipi ni lahaja yake.

Lakini msafara ule haukuwa wa mtu mmoja. Misafara ya wakati huo ilibebwa na wapagazi na askari, na lugha yake ilikuwa Kiswahili. Ndivyo lugha hii ilivyopanda milima yetu, kwa sababu watawala wa Rwanda walikuwa wamewazuia wafanyabiashara wa pwani kwa muda mrefu. Wapagazi wa Kandt wamo kitabuni kwa kalamu ya Kandt. Je, kulikuwa na Waswahili walioshika kalamu wenyewe?

Walikuwapo, na miaka ni ileile. Mwaka 1901 Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa Gavana katika Afrika Mashariki ya Kijerumani na baadaye mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, alichapisha Safari za Wasuaheli. Ndani yake mna masimulizi ya Waswahili wenyewe, mojawapo likiwa la Selim bin Abakari, aliyefuatana na Mzungu hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Msomaji afikirie kidogo kazi ya mtu huyo. Anawaandikia watu wa pwani habari za nchi ya baridi kali, kwa lugha iliyokuwa haijawahi kufika huko. Kila kitu lazima akifananishe na kitu kinachojulikana, au akieleze kwa matumizi yake. Tukitafuta ubunifu, tunaomba tuambiwe ni upi mkubwa kuliko huo.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1903, kilitoka Desturi za Wasuaheli. Jina la Velten ndilo lililokaa kwenye jalada, lakini sehemu kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekuwa amekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Ukikichukua kitabu hicho leo, utaona kinafuata njia ya maisha: kuzaliwa, kupewa jina, chuoni, jando, arusi, ngoma, kilimo, madeni, safari za bara, magonjwa, mazishi. Sentensi ni fupi. Sifa ni chache sana. Mwandishi hasemi kwamba arusi ilikuwa nzuri ajabu; anasema nani alikwenda kwa nani, akasema nini, akapewa nini, na asipopewa inakuwaje.

Hapo ndipo tunapopata somo la kwanza la kufikiri. Anayeandika desturi hukuta kwamba jambo analolijua tangu utotoni halijui kwa mpangilio. Anajua kucheza ngoma, lakini hajawahi kujiuliza nani anaanza. Kuandika kunamlazimisha aulize. Mtoro aliandika mambo hayo akiwa Berlin, mbali na Bagamoyo, na sisi tunaamini umbali ule ulimsaidia. Kitu ukiwa ndani yake hukioni kingo zake.

Hata hivyo, asisomwe kwa kuitikia tu. Katika sura zinazohusu watumwa, mwandishi anasema kama muungwana: anaeleza mtumwa anavyosalimu, anavyovaa, anavyotakiwa kukaa. Mtumwa mwenyewe hatumsikii. Mwalimu makini atasimama hapo na kuwauliza wanafunzi: sentensi hii ingeandikwaje na yule anayesalimu? Kitabu cha maarifa kina mahali pa kusimama, na msomaji apatafute mahali hapo hata pale ambapo mwandishi hakupataja.

Maisha ya Mtoro mwenyewe ni sura ambayo haimo kitabuni. Alimwoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904, na alipojaribu kurudi naye Afrika Mashariki mwaka 1905, wakoloni walikataa washuke pamoja. Akarudi Ujerumani, akaendelea kufundisha, baadaye Hamburg, na alifariki mwaka 1927. Mtu aliyewaeleza Wajerumani desturi za nyumbani kwake hakuruhusiwa kurudi nyumbani na mkewe. Jina lake lilitangulizwa kwenye jalada baadaye sana, katika tafsiri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1981.

Wakati huohuo, kati ya 1902 na 1903, yalichapishwa Berlin maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu kwa kuombwa na Heinrich Brode. Wengi huyahesabu kuwa tawasifu ya kwanza ya Kiswahili. Inaanza na safari za ujana za kufanya biashara ya sandarusi, na toka hapo ni kazi mfululizo: mali ya mkopo kutoka kwa Wahindi wa Unguja, frasila za pembe, mapatano, vita. Ni mwalimu mzuri wa kuonyesha jinsi biashara ilivyoendeshwa kwa kuaminiana, ambapo mtu alipewa bidhaa leo na kurudi baada ya miaka. Lakini ni mwalimu wa kuogopwa pia, kwa kuwa binadamu waliotekwa wanapita katika simulizi kama mzigo mwingine. Baadhi ya wenzetu wanasema kitabu cha namna hiyo kisifundishwe. Sisi tunasema kifundishwe, na kifundishwe kwa penseli mkononi. Mwanafunzi anayesoma riwaya tayari ameambiwa na mtunzi nani mwovu. Akimsoma Tippu Tip, inambidi apime mwenyewe.

Baada ya hapo kuna kazi nyingi ambazo nafasi haituruhusu kuzieleza. Mathias Mnyampala aliandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo (1954), mtu wa Ugogo akieleza Ugogo, bila Velten wa kumuuliza maswali. Baadaye kitabu alichokiandika pamoja na Shihabuddin Chiraghdin, Historia ya Kiswahili (1977), kikawa chombo cha kila mwalimu wa lugha katika eneo hili. Lakini anayehitaji kukaliwa kitako ni Shaaban Robert.

Wanafunzi wetu wanamjua Shaaban Robert wa Kusadikika. Wachache wanajua kwamba alikuwa karani. Toka mwaka 1926 alifanya kazi serikalini, kwanza katika Idara ya Forodha na baadaye katika idara nyingine, ikiwamo ya mifugo. Katika Maisha Yangu ofisi ipo pamoja na ndoa, watoto na msiba, na shairi la kumwomboleza mkewe Amina limo humohumo. Tunadhani hili lina maana. Kwake ushairi na maelezo ya maisha havikuwa nyumba mbili. Karani anayeorodhesha bidhaa forodhani huzoea kuuliza: ni nini hiki, ni kiasi gani, kimetoka wapi? Mtu akisoma insha zake atayasikia maswali hayohayo yakiulizwa kuhusu haki na wema.

Kisha akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo wenye asili ya utumwa na wenye kazi ya ufinyanzi. Aliuza vyungu. Inasimuliwa kwamba sauti yake ilikomaa katika kunadi bidhaa njiani. Alihamia mjini, akafundishwa kuimba, akajiunga na wapigaji ala, na mwaka 1928 kundi lao lilikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert angeweza kumfanya mhusika wa hadithi, alichagua wasifu. Kwa uamuzi huo alisema jambo zito kwa wakati wake, kwamba maisha ya mwanamke wa tabaka la chini, mwimbaji, yanastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule wanaoandikiwa masultani. Na kwa upande wa ubunifu, wasifu huo unaondoa dhana ambayo wanafunzi wanaipenda mno, kwamba kipaji hushuka kama umande. Siti aliujua mzigo wa vyungu kichwani kabla ya kuijua santuri.

Turudi sasa Rwanda, kwa maana hatuwezi kuzungumzia vitabu vya kufikiri bila kumtaja Padri Alexis Kagame (1912–1981). Hakuandika kwa Kiswahili. Aliandika kwa Kinyarwanda na Kifaransa. Lakini kwa walimu wa lugha za Kibantu ni jirani wa karibu kabisa. Alikuwa mhariri wa Kinyamateka, alikusanya historia na mashairi ya ikulu kutoka kwa wazee walioyahifadhi kichwani, na mwaka 1956 alitoa La philosophie bantu-rwandaise de l'Être, kitabu kilichotokana na tasnifu yake ya Roma. Hoja yake kuu inaweza kuandikwa ubaoni kwa maneno manne ya Kinyarwanda: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Yote yana shina -ntu. Umuntu ni kilichopo chenye akili. Ikintu ni kilichopo kisicho na akili. Ahantu ni mahali na wakati. Ukuntu ni jinsi. Kagame aliona kwamba Mnyarwanda akisema tu, tayari ameugawa ulimwengu katika mafungu manne, na kiambishi cha ngeli ndicho mlango wa kila fungu.

Tumelijaribu somo hili darasani kwa Kiswahili, na tunawashauri wenzetu walijaribu. Mtu na kitu havina shida. Shina ni lilelile. Lakini 'mahali' limetoka katika Kiarabu. 'Jinsi' nalo ni la Kiarabu. Wanafunzi wengi husema papo hapo: basi Kagame ameanguka, maana Waswahili walikopa mafungu mawili kati ya manne. Wape dakika kumi. Atatokea mmoja atakayesema: lakini tunasema 'mahali pale', si 'mahali ile'; na pa- ni ndugu wa ha- ya ahantu. Mwingine atakumbuka 'jinsi anavyosema' na kuuliza hiyo -vyo- inafanya nini pale, kama si kulibeba wazo la namna. Neno limekopwa, lakini kiambishi kimebaki mlangoni. Hapo darasa hugawanyika, na mwalimu anaweza kukaa chini akanywa maji yake.

Tena si lazima Kagame ashinde. Paulin Hountondji wa Benin alimkosoa, yeye pamoja na Padri Placide Tempels aliyekuwa ameandika kuhusu falsafa ya Kibantu mwaka 1945, kwamba falsafa haipatikani kwa kuichimba katika lugha ya watu wote, kana kwamba wote wanafikiri kitu kimoja. Falsafa ni ya mtu anayeandika, anayetia sahihi, na anayeweza kupingwa. Sisi tunakubaliana na Hountondji kwa sehemu kubwa. Na tunaona kwamba Kagame mwenyewe ndiye ushahidi wa Hountondji: Wanyarwanda wote walisema ahantu na ukuntu tangu zamani, lakini mmoja aliketi akayaweka katika kitabu, na kwa kuwa yamo kitabuni, tunaweza kubishana naye.

Kwa misingi hiyo tuliwapa wanafunzi wetu zoezi: kila mmoja achague kazi moja inayofanywa Kiyovu, aitazame kwa saa nzima, kisha aieleze kwa kurasa mbili. Rasimu za kwanza zilianza karibu zote kwa 'Wahenga walisema'. Kwa kweli katika insha zile wahenga walifanya kazi nyingi kuliko watu wa Kiyovu. Kulikuwa na 'kazi ni uhai' na 'mchumia juani', lakini hapakuwa na panga, ndoo wala kamba. Hatuwalaumu wanafunzi. Mitihani ya lugha imezoea kutoa alama kwa methali, nao wanajua hesabu zao.

Tukawasomea kurasa chache za Mtoro, kisha tukawarudisha mtaani. Mmoja aliyekuwa amechagua mtunza bustani anayepunguza ua wa michongoma alirudi na kurasa nne. Alieleza kwamba yule mzee alifunga uzi toka nguzo hadi nguzo, kisha akashuka chini ya mteremko akachuchumaa kuutazama, maana kwenye kilima uzi ulionyooka unaweza kuonekana umepinda kwa mtu aliye barabarani, na mwenye nyumba huutazamia barabarani. Alieleza pia kwamba alikata juu kwanza, pembeni baadaye. Mwanafunzi alidhani ni mazoea tu, akauliza. Akajibiwa kuwa majani ya juu yakianguka hufunika pembeni, na ukiwa umeshamaliza pembeni utafanya kazi mara mbili. Mwingine aliandika kuhusu motari anayewangojea abiria juu ya kilima badala ya chini, akaonyesha kwa hesabu ya petroli kwa nini. Alipofika kwenye kofia ya abiria alikwama, kwa kuwa hakujua aiite kofia ngumu au helmeti. Akaandika yote mawili na kutaja nani anatumia lipi.

Kazi ya tatu haikuwa na kazi ya kutazama. Mwandishi wake alikwenda sehemu ya chini iliyokuwa ikiitwa Kiyovu cy'abakene, Kiyovu ya maskini, iliyobomolewa mwaka 2008, ambapo baadhi ya wakazi walihamishiwa Batsinda. Hakukuta nyumba ya kueleza. Akapanda basi hadi Batsinda, akawauliza watu wazima walikuwa wakifanya kazi gani kule Kiyovu, wakianza saa ngapi, wakiuza kwa nani, na baada ya kuhama walimpoteza mteja yupi. Kiswahili chake kina makosa ya upatanisho karibu katika kila aya, na tuliyasahihisha kwa kalamu nyekundu kama inavyotakiwa. Lakini kila mtu aliyemhoji anaonekana amesema jambo ambalo mwenzake hakulisema, na pale walipopingana kuhusu bei au mwaka, mwandishi ameandika kauli zote mbili.

Maelezo hayo, pamoja na yale ya ua na ya motari, tumeyaweka katika jalada idarani, na jina la kila mwanafunzi limeandikwa kwenye jalada la kazi yake. Walimu wanaotaka kuyatumia katika somo la utungaji wanakaribishwa kuyanakili. Jalada bado lina nafasi, na hakuna aliyekwisha kutuandikia kuhusu dobi.